Nani Amlee Yatima wa Debian?

Jamaa wa Debian, mojawapo ya mifumo mikongwe ya Linux, wana neno moja linalonigusa: yatima. Kifurushi cha programu kikiachwa na aliyekuwa akikitunza, huandikishwa hivyo hivyo, yatima, na kinabaki mikononi mwa kundi la watu wa kujitolea mpaka apatikane mlezi. Mzozo mkubwa wa malezi ulikuwa wa Python 2.

Kwa msomaji asiye mtu wa kompyuta: maktaba hapa si rafu za vitabu. Ni msimbo ulioandikwa tayari, ambao programu nyingine huuazima badala ya kuanza upya. Maktaba ikipatikana na tundu la usalama, lazima mtu akae chini aandike kiraka. Nani huyo, na kwa mshahara gani?

Python 3 ilitoka Desemba 2008. Haikuelewana na msimbo wa Python 2, hivyo kazi za zamani zilihitaji kurekebishwa. Watu wakajivuta. Python 2.7 ilikuwa ihudumiwe hadi 2015, lakini mwaka 2014 wenyewe wakasogeza mwisho hadi 2020. Na mdaiwa ukimwongezea muda, unajua anavyofanya!

Mwaka 2017 Kovid Goyal, mtunzi wa calibre, programu ya kupangia vitabu vya kielektroniki, aliombwa ahamie Python 3. Akajibu kwamba ana uwezo wa kuitunza Python 2 mwenyewe. Jibu hilo lilisemwa sana, ila mimi naona lilikuwa la haki kuliko ya wengi: anayekitaka cha zamani akibebe. Hata hivyo calibre 5, ya Septemba 2020, ilitoka ikiwa imeshahamia Python 3.

Red Hat nao waliahidi kuihudumia Python 2.7 ndani ya RHEL 8 hadi Juni 2024. Sawa, wale wana wateja wanaolipa. Debian haina wateja. Anayetunza kifurushi chake mara nyingi hukifanyia kazi usiku, akishatoka kibaruani, halafu kampuni inayokitumia bure ndiyo inayolalamika kwamba kimeondolewa. Hapo ndipo uvumilivu wangu unapoishia.

Debian 11, ya Agosti 2021, iliibakiza Python 2.7 kwa sababu tu programu chache ziliihitaji wakati wa kujengwa, na ikatangazwa wazi kuwa haitapata viraka vya usalama. Debian 12, ya Juni 2023, ikaitoa kabisa. Mwenye skripti yake ya zamani akabaki na kazi ya kuihamishia Python 3, au kuijenga Python 2 mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, ambao bado uko wazi kwa yeyote anayeutaka.