Matuta Yasiyolimwa

Samahanini kwa kimya cha wiki tatu. Nilikuwa Ireland. Kazi iliyonipeleka iliisha mapema, zikabaki siku nne, nikakata tiketi ya basi la watalii linalozunguka magharibi ya nchi. Kwa mtoto wa Temeke aliyekulia kwenye daladala, basi lile ni maajabu: kila abiria na kiti chake, dirisha pana kama kioo cha duka, na dereva ambaye ndiye pia mwongozaji, anasimulia kwa kipaza sauti huku anakata kona.

Siku mbili za kwanza zilikuwa starehe tupu. Tulisimama kwenye majabali ya Moher, yanayoshuka hadi mita 214 kuingia bahari ya Atlantiki. Jioni tulikaa baa tukasikiliza fidla na filimbi. Dereva alitupa vichekesho, tukacheka, tukapiga picha.

Siku ya tatu tukaingia Connemara, tukafuata ghuba nyembamba iitwayo Killary. Milima mitupu, kondoo, mvua, ukimya. Uzuri wa kalenda. Ila kwenye miteremko niliona mistari iliyonyooka, mmoja baada ya mwingine, imefunikwa na nyasi. Tuliposimama kunywa chai nikamwuliza dereva ile ni nini. Safari hii hakutumia kipaza sauti. Akanijibu taratibu kwamba ni matuta ya viazi, na kwamba mengi hayajaguswa tangu ile njaa.

Matuta! Mimi nayajua matuta, bibi yangu analima viazi vitamu. Lakini nani alipanda kulima juu kule, penye mawe na mwinuko? Jibu ni kwamba watu walikuwa wengi na ardhi nzuri haikuwa yao. Ilikuwa ya mabwana wenye mashamba, wengine wakiishi Uingereza, na mkulima alilipa kodi kwa kuuza nafaka na mifugo. Yeye mwenyewe alikula viazi, maana ndilo zao pekee lililoweza kulisha familia kwenye kipande kidogo cha mlimani.

Mwaka 1841 sensa ilihesabu watu zaidi ya milioni 8 katika kisiwa kile. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu ukaingia mashambani, viazi vikaoza ardhini. Ukarudi mwaka uliofuata kwa nguvu zaidi. Hadi kufikia 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni 1 walikuwa wamepanda meli kuhama.

Hapa ndipo penye kuuma. Kiazi kiliozeshwa na ukungu, sawa, lakini chakula kingine kilikuwepo. Nafaka, siagi na ng'ombe viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Serikali ya London iliingiza mahindi kutoka Marekani, haya haya tunayosongea ugali, ila watu hawakujua kuyapika na matumbo yakawauma. Wakubwa wa hazina waliamini soko lisiingiliwe. Mwenye njaa aliambiwa kwanza afanye kazi, apasue mawe na kujenga barabara, ndipo alipwe. Mwaka 1847 ikatungwa sheria kwamba mwenye zaidi ya robo ekari hapati msaada mpaka aachie ardhi. Fikiria mwenyewe: ule leo, kesho usiwe na shamba.

Kutoka Killary basi likaingia bonde la Doolough. Ziwa jeusi katikati, milima huku na huku. Machi 1849 mamia ya watu wenye njaa waliambiwa wafike mbele ya maofisa mji wa Louisburgh, wakaguliwe kama wanastahili msaada. Maofisa walikuwa wameshaondoka kwenda kulala kwenye nyumba ya uwindaji Delphi, kilomita 19 hivi kutoka pale. Watu wakawafuata kwa miguu, usiku, kwenye baridi. Walipofika hawakupewa kitu. Wakageuka kurudi, na wengi wakafia njiani. Leo kuna msalaba wa jiwe kando ya barabara, na watu huitembea njia ile kila mwaka kuwakumbuka. Mwaka 1991 Askofu Mkuu Desmond Tutu alitembea nao, wakati kwao Afrika Kusini ubaguzi ulikuwa haujaangushwa bado.

Njaa ile ilipiga zaidi magharibi, kwa maskini, na hao ndio waliokuwa wakizungumza Kiayalandi. Lugha ilikufa na wenyewe. Walionusurika waliwataka watoto wajue Kiingereza, lugha ya meli na ajira. Katiba ya 1937 inakiita Kiayalandi lugha rasmi ya kwanza, lakini sensa ya 2022 ilikuta watu kama 72,000 tu katika Jamhuri wanaokizungumza kila siku nje ya shule. Sisi watalii tunakiona kwenye vibao vya barabarani, tunasema kinapendeza.

Hata leo, ukijumlisha Jamhuri na Ireland ya Kaskazini, kisiwa kina watu milioni 7 na kidogo. Hakijarudi kwenye hesabu ya 1841. Kwa hiyo ule ukimya niliousifu, ile milima mitupu niliyoipiga picha arobaini, haikuumbwa hivyo. Ni kijiji kilichohama au kuzikwa.

Simlaumu dereva. Watu wamelipa kufurahi, na huwezi kusimulia maiti kwa kipaza sauti kabla ya chakula cha mchana. Lakini najiuliza: kama nisingeuliza kuhusu ile mistari, si ningerudi nyumbani nikiwaambia Ireland ni nchi nzuri na tulivu, basi?

Nyie mnaosafiri, mlishawahi kusifia mahali halafu mkajua baadaye kwa nini pako vile? Niambieni.