Fangasi wa kucha: kwa nini tyubu ya tatu bado haijakusaidia

Kucha ya kidole gumba cha mguu ilianza kwa doa la njano. Miezi ikapita, sasa imekuwa nene, inamomonyoka kama chokaa, na ukivua buti jioni kuna harufu. Umenunua tyubu ya dawa ya kupaka, ikaisha. Ukanunua nyingine. Kucha iko vile vile.

Kama unashuka maduarani Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu kule Geita, au Mwakitolyo huku Shinyanga, hali hii si ngeni. Fangasi wanapenda joto, giza na unyevu, na buti la mpira lililoingia maji lina vyote vitatu kwa zamu nzima. Jiwe likikuangukia kidoleni na kupasua kucha, mlango umefunguka. Buti likivaliwa na watu wawili wa zamu tofauti, halipati hata muda wa kukauka.

Wakulima wa mpunga wa Kahama wanaoshinda kwenye majaruba wako kwenye hatari ile ile. Mama lishe na wanaoosha mchanga wa dhahabu huumia zaidi vidole vya mikono. Mara nyingi kwao ni fangasi wa aina nyingine, kandida, na nyama inayozunguka kucha huanza kuvimba kwanza.

Kwa nini dawa ya kupaka inashindwa?

Fangasi wamekaa chini ya kucha, na krimu inabaki juu. Klotrimazoli ni dawa nzuri kwa ngozi, lakini haipenyi kucha nene. Ipo dawa inayopakwa kama rangi ya kucha, amorolfini, lakini hiyo husaidia zaidi pale ugonjwa uko kwenye ncha tu, na hupakwa kwa miezi mingi.

Kucha ikishaharibika sana, dawa ni ya kumeza. Inayotumika zaidi ni terbinafini: kidonge kimoja cha miligramu 250 kwa siku, wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa za miguu. Wengi huacha wiki ya tatu kwa sababu hawaoni mabadiliko. Hapo ndipo hela inapotea. Dawa haing'arishi kucha ya zamani; inalinda mpya inayoota. Kucha ya kidole gumba cha mguu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kuota yote.

Ila usijinunulie tu dukani. Terbinafini inaweza kuumiza ini, kwa hiyo mnywaji wa pombe kali au aliyewahi kuugua manjano aseme mapema. Anayetumia dawa za TB au ARV naye aseme, kwa sababu baadhi ya dawa hizi hugongana na za fangasi. Griseofulvini, dawa ya zamani ambayo bado ipo, haifai kabisa kwa mjamzito. Mwanaume aliyeitumia anatakiwa kusubiri miezi 6 baada ya kumaliza kabla ya kutafuta mtoto. Hili wanaume wengi hawaambiwi.

Halafu kuna jambo la kushangaza: karibu nusu ya kucha zinazoonekana mbovu hazina fangasi. Inaweza kuwa jeraha la zamani au ugonjwa wa ngozi kama soriasisi. Ndiyo maana ni vizuri kucha ikwanguliwe na unga wake uangaliwe kwa hadubini kabla ya kumeza vidonge miezi mitatu. Ulizia mtaalamu wa ngozi katika hospitali ya rufaa ya mkoa, au Bugando, Mwanza.

Usisubiri kama una kisukari, maana kidonda kidogo mguuni kinaweza kukufikisha kwenye kukatwa. Weupe unaoanzia kwenye shina la kucha ni sababu ya kupima VVU. Mstari mweusi unaozidi kupanuka kwenye kucha moja unaweza kuwa saratani. Huo daktari auone mapema.

Kuzuia kunaanzia katikati ya vidole. Muwasho na ngozi nyeupe inayobanduka pale ni fangasi wale wale kabla hawajahamia kwenye kucha, na hapo krimu ya bei nafuu inafanya kazi vizuri. Paka hadi wiki 2 au zaidi, kama ulivyoelekezwa, hata muwasho ukiisha siku ya nne.

Buti liwe lako peke yako. Baada ya zamu, lijaze magazeti yanyonye maji, kisha lianike juani. Badili soksi kila siku, vaa ndala kwenye bafu la kambini, na ukitoka kazini acha miguu ipate hewa. Kina dada, yule kijana anayepita akigonganisha chupa za rangi ana tupa moja kwa mtaa mzima. Nunua ya kwako.

Ukianza vidonge, piga picha kucha yako kwa simu kila mwezi, pembe ile ile. Kucha safi ikianza kusogea kutoka kwenye shina, dawa inafanya kazi. Miezi mitatu ikipita bila mabadiliko, rudi kwa daktari na hizo picha.