Kabla hujainua gari, waulize waliovunja shokapu

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Juni 2021, Thierry Neuville aliingia siku ya mwisho ya Safari Rally akiwaongoza wenzake kwa karibu dakika moja. Mashindano yalikuwa yamerudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya kuachwa nje tangu 2002, na Mbelgiji huyo alibakiza saa chache tu kuweka jina lake kwenye orodha ya washindi. Katika hatua ya Loldia, kando ya Ziwa Naivasha, shokapu ya nyuma kulia ya Hyundai yake ikafa. Gari halikupinduka wala injini haikuzima. Gurudumu moja lilikosa tu wa kulituliza, na hilo likatosha kumwondoa. Sébastien Ogier, ambaye Ijumaa naye alipoteza muda kwa sababu ya shokapu, akabeba ushindi, na Mjapani Takamoto Katsuta akawa wa pili.

Wengi waliotazama walishangaa kwamba gari la mamilioni linaweza kuangushwa na bomba la mafuta lisilozidi urefu wa mkono. Mzee mmoja wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, mtaa ambao wanunuzi wa spea bado wanauita Grogan, hakushangaa hata kidogo. Alianza kushika spana enzi ambazo magari ya rally yalikuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanzania kwa mwendo mmoja, na sehemu kubwa ya makala hii inaegemea simulizi zake. Niseme mapema kwamba ana upendeleo wake, na upendeleo huo ni Peugeot.

Kinachomkera ni vijana wanaokuja na Prado au Land Cruiser wakitaka liinuliwe, wakiwa wameshachagua shokapu kwa rangi. Wengine wanataka ya njano, wengine nyekundu. Ukiwauliza gari lina uzito gani likiwa na keria, matangi mawili na bampa la chuma, wanakutazama tu. Tena wote wanaamini kwamba shokapu ndiyo inayobeba gari.

Haibebi. Springi hubeba, shokapu hutuliza. Springi ikibonyezwa na shimo huweka nguvu ndani yake kisha huirudisha yote, na gari lisilo na shokapu lingeendelea kudunda baada ya shimo kupitwa zamani. Ndani ya shokapu kuna pistoni yenye matundu madogo inayolazimishwa kupita kwenye mafuta. Nguvu ya mruko hugeuka joto, na joto hilo hutoka kupitia ukuta wa silinda. Yote yaliyotokea katika historia ya chombo hiki ni ugomvi wa watu na joto hilo.

Mwanzoni hapakuwa na mafuta. Mfaransa aliyeitwa Truffault alitengeneza kifaa cha msuguano, sahani zilizobanwa kwa boliti, zikisuguana kila mguu wa gari unapopanda na kushuka. Mmarekani Edward Hartford akakipenda na kukifanyia biashara kwao. Mwaka 1904 Léon Théry alishinda kombe la Gordon Bennett akiwa na gari lililofungwa vifaa vya Truffault, na tangu hapo hakuna mwanamashindano aliyetaka kukimbia bila hivyo. Kasoro ilikuwa moja. Msuguano hukaza zaidi kitu kikiwa kimetulia kuliko kikiwa kwenye mwendo, kwa hiyo gari lilikuwa gumu kwenye vijiwe vidogo na legelege kwenye mashimo makubwa, kinyume kabisa na kinachotakiwa.

Mafuta yaliponya kasoro hiyo kwa sababu hukaza kadiri unavyoyasukuma kwa kasi. Mfaransa mwingine, Maurice Houdaille, alitengeneza shokapu ya mafuta yenye mkono unaozunguka, na kufikia 1928 Ford Model A ilikuwa ikitoka kiwandani na za aina hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, zile za bomba tunazozijua leo zikatawala, nyingi zikiwa na bomba ndani ya bomba na hewa kidogo juu ya mafuta. Zilifaa kwa lami. Kwenye barabara mbovu, pistoni ikichapa huku na huku kwa saa nzima, hewa ile ilichanganyikana na mafuta ikawa povu, na povu hupita kwenye matundu bila upinzani wowote. Dereva huhisi gari limelewa.

Aliyetatua hilo ni Christian Bourcier de Carbon, mvumbuzi wa tatu Mfaransa katika habari hii. Alitumia bomba moja tu, akaweka pistoni ya pili inayoelea, na nyuma yake akajaza gesi yenye shinikizo kubwa. Gesi na mafuta havikutani, na povu halipati nafasi. Bilstein ya Ujerumani ikauchukua ubunifu huo, na katika miaka ya 1950 Mercedes-Benz ikawa miongoni mwa wateja wa kwanza.

Hapo ndipo mzee huyu hunyoosha mgongo, kwa sababu hapo ndipo sisi tunaingia.

Safari ilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Barabara zilikuwa za udongo na murram, zenye vimatuta vinavyofuatana kama bati la nyumba, na vimatuta hivyo ndivyo vinavyochemsha shokapu kuliko shimo lolote. Shimo ni pigo moja. Vimatuta ni mapigo maelfu bila pumziko. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza saba tena. Katika miaka yote miwili walioshinda ni walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari ni lilelile kwa aina yake, Peugeot 404. Joginder Singh, mwana wa Kericho aliyekulia gereji, alikuwemo kati ya wale saba kila mara. Ndiye aliyeshinda 1965 kwa Volvo iliyokwishatumika, akirudi kushinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Kwa nini Peugeot? Mzee ana jibu tayari, na katika hili historia iko upande wake: Peugeot walikuwa wakitengeneza shokapu zao wenyewe. Makampuni mengi yalinunua kwa watu wa nje na kufunga. Waliochora springi ya 404 na waliochora shokapu yake walikuwa chini ya paa moja, wakajua hii inarudi kwa nguvu kiasi gani na ile inatuliza kwa kiasi gani. Springi zenyewe zilikuwa laini na ndefu kwa mwendo. Gari lilionekana la mwalimu wa shule, lakini miguu yake ilishuka hadi chini ya shimo na kupanda tena bila kelele.

Kisa anachokipenda kuliko vyote ni cha Pasaka ya 1978. Porsche walikuwa na deni Afrika Mashariki. Mwaka 1974 Björn Waldegård aliwaletea nafasi ya pili, nyuma ya Joginder, na kwa kampuni iliyozoea kushinda kila kona ya dunia hilo liliuma. Wakarudi na 911 SC mbili zenye michirizi ya Martini, zimeinuliwa hadi tumbo la gari kuwa sentimita 28 kutoka ardhini. Leo picha za magari hayo ni maarufu duniani kote, na watu hulipa fedha nyingi kuinua 911 zao ili zifanane nayo. Aliyeona gari la mbio lililozoeleka kulala chini likipita juu kama pikipiki ya mashambani hakusahau. Moja alipewa Waldegård, aliyekuwa ameshinda mwaka uliotangulia kwa Ford Escort. La pili alipewa Mkenya, Vic Preston Mdogo, ambaye baba yake alishinda Safari ya 1954 kwa Volkswagen na ya 1955 kwa Ford Zephyr.

Upande wa pili alikuwepo Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504 Coupé ya V6. Njia ilikaribia kilomita 5,000, na matope yalikuwa yale ambayo madereva wa Ulaya hawakuyaona kwao. Porsche zilikuwa na kasi, zilikuwa na mafundi wengi, na kimo hicho cha sentimita 28. Nicolas akashinda. Preston akawa wa pili, Waldegård wa nne.

Ukimsikiliza mzee wetu, shokapu ndizo zilizoamua yote. Mimi sithubutu kwenda mbali hivyo, maana Safari ya matope ina njia mia za kumwangusha mtu, na nafasi ya pili na ya nne kwa magari mawili si aibu. Lakini hoja yake ya msingi ina uzito. Kimo ulichoongeza kinakusaidia tu ikiwa mguu wa gari bado una nafasi ya kupanda na kushuka ndani ya kimo hicho. 504 haikuinuliwa ionekane ndefu. Ilikuwa imezaliwa na mwendo mrefu wa miguu.

Wakenya waliielewa hoja hiyo bila kufundishwa. Neno Peugeot lilifika mahali likamaanisha teksi ya masafa marefu, 504 ya mgongo mrefu iliyojaa abiria na mizigo, na magari hayo yaliendelea kuunganishwa Kenya hadi miaka ya 2000. Wajapani nao hawakuona haya kujifunza kwetu. Mwaka 1969 walitengeneza filamu nzima kuhusu Datsun kwenye Safari, na mwaka uliofuata Edgar Herrmann akashinda kweli kwa Datsun. Makampuni yalikuja hapa kuvunja vyuma vyao, yakarudi kwao kuvirekebisha, kisha yakatuuzia vilivyorekebishwa na tangazo la Safari juu yake. Mafundi waliobaki usiku kucha wakifungua shokapu zinazochemka hawamo kwenye tangazo lolote.

Yaliyotokea kwingine nayapita haraka. Mexico ikawa na mbio zake za jangwa kule Baja kuanzia 1967, na Wamarekani wakafunga shokapu zaidi ya moja kwa kila gurudumu, baadaye wakazipa chupa ya pembeni ya kuongeza mafuta na kupoza. Australia ikatuletea shokapu za Old Man Emu. Land Rover wakahamia springi za mviringo kwenye 110 ya mwaka 1983. Toyota wakashikilia springi za majani kwenye Land Cruiser za kazi hadi 1999, walipobadilisha za mbele.

Badiliko hilo dogo lina maana kuliko linavyoonekana. Majani ya springi husuguana yenyewe kwa yenyewe, na msuguano huo hutuliza gari kidogo hata shokapu zikiwa zimechoka. Ndiyo maana Land Rover za zamani zilitembea miaka na shokapu zilizokufa bila mwenyewe kujua. Springi ya mviringo haina msuguano wa namna hiyo. Ikichoka shokapu, hakuna msaada mwingine.

Sasa turudi kwa kijana wa Prado. Akifunga springi ndefu kwa sentimita tano akaacha shokapu za kiwandani, gari likisimama tu shokapu tayari zimevutwa sentimita tano. Gurudumu likining'inia shimoni, shokapu hufika mwisho kabla ya springi na kugeuka kamba inayoshikilia ekseli nzima. Ndipo jicho la chini hukatika au bushi hupasuka. Akikimbilia ndefu kupita kiasi, kosa huhamia upande wa pili: pistoni hugonga kitako cha silinda kabla mpira wa kuzuia kugota haujaguswa, na vali huvunjika. Kwa hiyo mzee hupima mara mbili, mguu ukiwa umening'inia na ukiwa umebonyezwa hadi mpira, na huangalia bomba la breki lisivutwe.

Kuhusu aina, hana ushabiki. Bomba moja la gesi hupoa haraka na hufaa kwa anayekwenda kasi kwenye vimatuta, lakini ukuta wake ndio njia ya pistoni, na jiwe likiubonyeza, pistoni hukwama. Bomba ndani ya bomba huvumilia jiwe, kwani linalobonyea ni la nje. Kwa gari la watalii linalotembea taratibu Serengeti likiwa limejaa, hilo la pili mara nyingi linatosha. Ugumu wake ulingane na springi na mzigo wa kila siku. Shokapu ngumu kwenye gari tupu hurusha matairi hewani, na tairi lililo hewani halishiki breki.

Tulio na barabara zilizowafundisha mabingwa, leo tunauziwa shokapu bandia na zile zilizovuja zikapigwa rangi upya, iwe Grogan au Gerezani kule Dar es Salaam. Ushauri wa mzee ni kuisukuma kwa mkono ikiwa wima. Ya gesi inapaswa kurudi yenyewe, na popote pasiwepo pengo ambapo mkono unapita bila upinzani. Ila mpya ya bomba ndani ya bomba isihukumiwe kwa sukuma ya kwanza. Iliyolala kwenye rafu muda mrefu huwa na hewa mahali pa mafuta, na hutakiwa kusukumwa na kuvutwa mara kadhaa ikiwa imesimama kabla ya kufungwa. Wateja wengi wamerudisha dukani shokapu nzima kwa kutojua hilo.