Namna Sungura na Panya Walivyosaidia Kubaini Chanzo cha Kupooza kwa Ghafla

Ugonjwa wa Guillain-Barré hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia mishipa ya fahamu ya mwili wenyewe. Aghalabu mgonjwa huanza kuhisi ganzi au udhaifu miguuni, na hali hiyo huweza kupanda hadi mikononi, usoni na kwenye misuli ya kupumua ndani ya siku chache hadi wiki nne. Kila mwaka ugonjwa huu humpata takribani mtu 1 hadi 2 kati ya watu 100,000.

Ugonjwa huo umepewa jina la madaktari wa Ufaransa, Georges Guillain na Jean Alexandre Barré. Mwaka 1916, wakiwa pamoja na André Strohl, waliandika habari za askari wawili waliopooza na baadaye kupata nafuu. Kwa miongo mingi baada ya hapo, swali la nini hasa huharibu mishipa ya wagonjwa hao halikuwa na jibu kamili.

Majaribio ya awali

Mwaka 1955, watafiti Byron Waksman na Raymond Adams wa Marekani waliwachoma sungura sindano yenye tishu za mishipa ya fahamu iliyochanganywa na dawa ya kuamsha kinga. Sungura hao walipata udhaifu wa viungo, na mishipa yao ikaonesha uharibifu unaofanana na wa binadamu. Jaribio hilo lilithibitisha kuwa kinga ya mwili yenyewe inaweza kuleta maradhi ya mishipa.

Hata hivyo, wagonjwa wengi hawajawahi kudungwa tishu za mishipa. Wengi wao huwa wameugua kuhara au mafua wiki chache kabla ya kupooza. Mmoja wa vimelea wanaohusishwa zaidi na ugonjwa huu ni bakteria aitwaye kampilobakta, ambaye huenezwa hasa kwa nyama ya kuku isiyoiva vizuri, maziwa mabichi na maji yasiyo salama.

Ushahidi wa sungura

Mtafiti Nobuhiro Yuki na wenzake nchini Japani walichunguza kufanana kati ya bakteria huyo na mishipa ya fahamu. Kwenye utando wa mishipa kuna mafuta yenye sukari yanayoitwa gangliosidi GM1, na baadhi ya aina za kampilobakta hubeba sukari ya namna hiyo hiyo kwenye ganda lao.

Mwaka 2001 kundi hilo lilionesha kuwa sungura waliopewa gangliosidi walilegea viungo. Mwaka 2004 likaonesha kuwa matokeo kama hayo hupatikana kwa kutumia mafuta yenye sukari yaliyotolewa kwenye ganda la bakteria. Sungura walitengeneza kingamwili dhidi ya bakteria, na kingamwili hizo zikaishambulia pia mishipa yao.

Utafiti wa mwaka 2007 ulieleza namna shambulio hilo linavyofanyika. Kingamwili hunata kwenye sehemu ndogo za mshipa zinazopitisha ishara za umeme, kisha huita protini za damu ziitwazo komplementi, ambazo huvuruga sehemu hizo. Ishara hukatika, na misuli hulegea.

Manufaa na mipaka

Matokeo hayo yanasaidia kueleza manufaa ya tiba mbili zilizokwisha kupimwa kwa binadamu: kubadilisha plazma ya damu, iliyothibitishwa mwaka 1985, na kumpa mgonjwa kingamwili za watu wenye afya kupitia mshipa, iliyothibitishwa mwaka 1992.

Mwaka 2008, watafiti wa Glasgow, Uingereza, waliwakinga panya dhidi ya uharibifu huo kwa dawa ya ekulizumabu, inayozuia komplementi. Lakini matokeo ya jaribio la dawa hiyo kwa wagonjwa nchini Japani, yaliyochapishwa mwaka 2018, hayakufikia kiwango cha mafanikio kilichowekwa awali. Kwa hiyo mafanikio kwa mnyama hufungua njia ya utafiti, lakini hayachukui nafasi ya majaribio kwa binadamu.

Wajibu wa mwananchi

Kulegea kwa ghafla kwa viungo vya mtoto aliye chini ya miaka 15 ni dalili inayopaswa kutolewa taarifa mara moja katika kituo cha afya, kwa kuwa polio nayo huanza hivyo. Ili kutofautisha magonjwa hayo, wataalamu huchukua sampuli mbili za choo kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanza.

Mtu mzima mwenye dalili hizo naye asisubiri nyumbani, kwani misuli ya kupumua inaweza kudhoofika kwa haraka. Kupika kuku hadi aive, kuchemsha maziwa na maji, na kunawa mikono kwa sabuni hupunguza uwezekano wa kuambukizwa bakteria anayeweza kuchochea ugonjwa huu.