Kutafiti na Kuchapisha: Historia ya Shinikizo na Istilahi Zake

Katika ofisi na vyuo vyetu husikika mara nyingi mtaalamu akiulizwa, "Umefanya tafiti ngapi?", naye hujibu kwa kutaja idadi ya makala zake zilizochapishwa. Muulizaji na mjibuji huelewana, wala hapana anayeona kwamba neno moja limetwaa nafasi ya jingine. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi mambo hayo mawili, kutafiti na kuchapisha, yalivyounganishwa katika historia ya sayansi, na jinsi la pili lilivyokuja kulielemea la kwanza. Kisha tutatazama wajibu unaowakabili wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanapoyataja kwa Kiswahili.

Chanzo cha majarida

Majarida ya sayansi yalianza mwaka 1665. Mwezi Januari Journal des sçavans lilitoka mjini Paris, na mwezi Machi Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, akaanzisha Philosophical Transactions. Kabla ya hapo wataalamu walipashana habari kwa barua na vitabu, na baadhi yao walificha uvumbuzi wao ili wasinyang'anywe. Galileo, kwa mfano, alipoona kitu cha ajabu katika sayari ya Zohali mwaka 1610, aliwapelekea wenzake herufi zilizopanguliwa ambazo hazikuweza kusomeka mpaka yeye mwenyewe alipozifumbua. Jarida lilileta mapatano mapya: anayetangaza kwanza ndiye anayehesabiwa kuwa mgunduzi, na kwa kutangaza huko anawapa wengine nafasi ya kuijaribu kazi yake na kuisahihisha.

Mapatano hayo yalikuwa na manufaa makubwa, na yafaa tuyakumbuke kabla ya kulaumu lolote. Henry Cavendish, aliyefariki mwaka 1810, alifanya majaribio mengi ya umeme ambayo hakuyachapisha. James Clerk Maxwell alipoyatoa maandishi hayo mwaka 1879, ilidhihirika kwamba Cavendish alikuwa amefika karibu sana na kanuni ambayo Georg Ohm aliitangaza mwaka 1827. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini kilichofungiwa sandukuni hakijiuzi. Utafiti usiotangazwa huwalazimu wengine waurudie tangu mwanzo. Kuchapisha, basi, ni sehemu ya utafiti wenyewe. Tatizo lilianza pale kilichokuwa njia kilipogeuzwa kuwa shabaha.

Kutoka kusoma hadi kuhesabu

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali nyingi zilitoa fedha nyingi kwa sayansi. Vyuo viliongezeka, watafiti wakaongezeka, na makala zikawa nyingi kupita uwezo wa mtu yeyote kuzisoma. Kamati za kuajiri na za kupandisha vyeo zilihitaji njia ya mkato. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza faharasa ya kuonyesha kila makala imerejelewa na makala zipi nyingine, na katika miaka ya 1960 taasisi yake ya Philadelphia ilianza kuitoa faharasa hiyo. Ilikusudiwa kumsaidia mtafiti kupata maandishi yanayomhusu. Mwaka 1975 ikafuata orodha ya majarida yenyewe, kila moja na tarakimu yake. Tarakimu hiyo hupatikana kwa kuchukua idadi ya mara ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimerejelewa katika mwaka mmoja, na kuigawa kwa idadi ya makala hizo.

Ni dhahiri kwamba hesabu hiyo hueleza jambo kuhusu jarida. Kuhusu makala fulani haielezi neno, kwa sababu makala chache hurejelewa sana na nyingi hurejelewa kidogo. Hata hivyo kamati ziliichukua tarakimu ya jarida na kumvika mtafiti. Peter Higgs, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2013 kwa wazo alilolichapisha mwaka 1964, alisema mwaka huo huo wa tuzo kwamba kwa vipimo vya siku hizi hadhani angepata kazi ya chuo kikuu, maana makala zake zilikuwa chache mno.

Mfano wa Murray Hill

Linaloweza kutokea pale wingi unaposifiwa kabla ya kukaguliwa lilionekana katika maabara za kampuni ya Bell, Murray Hill, New Jersey. Jan Hendrik Schön, mwanafizikia kijana kutoka Ujerumani, alifanya kazi huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika mwaka 2001 jina lake lilitokea katika makala mpya kwa wastani wa moja kila siku nane, na nyingine zilitoka katika majarida yenye sifa kuu, yaani Nature na Science. Alidai, pamoja na mengine, kuwa ametengeneza transista yenye ukubwa wa molekuli. Maabara nyingine zilitumia muda na fedha kujaribu kupata matokeo yale yale, zikashindwa.

Mwaka 2002 wanafizikia wa vyuo vingine waligundua jambo. Kila kipimo halisi huwa na mtikisiko mdogo wa nasibu, na mitikisiko ya majaribio mawili haiwezi kufanana kabisa. Katika makala za Schön michoro ya majaribio tofauti ilikuwa na mtikisiko ule ule. Kampuni iliunda kamati chini ya uenyekiti wa Malcolm Beasley wa Chuo Kikuu cha Stanford. Taarifa yake ya Septemba 2002 ilichunguza madai 24 na kuthibitisha udanganyifu katika 16. Hapakuwa na madaftari ya maabara yaliyotunzwa ipasavyo. Data ghafi ilikuwa imefutwa katika kompyuta. Sampuli zilikuwa zimetupwa au kuharibika. Waandishi wenzake hawakukutwa na hatia ya udanganyifu. Schön alifukuzwa kazi, na Science likabatilisha makala zake 8 mwaka huo huo.

Hatudai kwamba hesabu ya machapisho ndiyo iliyomfanya mtu huyo adanganye. Dhamiri ya mtu ni yake. Tunachosema ni kwamba wakati makala zilipokuwa zikimiminika, wingi wake ulichukuliwa kuwa dalili ya kipaji, badala ya kuwa sababu ya kuuliza: je, kazi hii yaweza kufanywa kwa siku nane?

Udanganyifu wa namna hiyo ni nadra. Madhara ya kawaida ya shinikizo ni ya kimyakimya zaidi: utafiti mmoja hukatwa vipande vitatu ili utoe makala tatu, matokeo yasiyovutia huachwa kabatini, wala hapana anayetaka kurudia jaribio la mwenziwe, kwa kuwa kurudia hakumpandishi mtu cheo. Zimezuka hata biashara za kuuza makala zilizotungwa tayari. Katika mwaka 2023 makala zaidi ya 10,000 zilibatilishwa duniani. Dawa nayo imeanza kutafutwa. Azimio lililotungwa San Francisco mwezi Desemba 2012 lilitaka tarakimu ya jarida isitumiwe kupimia makala au mtu mmoja mmoja, na mwaka 2020 serikali ya China ilivizuia vyuo na taasisi kuwalipa watafiti zawadi za fedha kwa kila makala.

Istilahi

Historia hii inatuhusu sisi wa lugha kwa njia ya moja kwa moja. Neno likichaguliwa vibaya, kosa la kamati huingia ndani ya fomu, na kutoka katika fomu huingia akilini. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, utafiti na chapisho vitenganishwe. Fomu inayohitaji idadi ya machapisho iandike "machapisho".

Pili, tarakimu ya jarida tuliyoieleza hutafsiriwa na wengine "kipimo cha athari". Tafsiri hiyo inapotosha. Athari kwa Kiswahili ni alama au matokeo yanayobaki juu ya kitu, na mara nyingi ni mabaya. Tena tarakimu hiyo haipimi matokeo ya aina yoyote. "Wastani wa kurejelewa" husema kinachohesabiwa, wala hausemi zaidi.

Tatu, kuandika data isiyopatikana katika jaribio lolote kusiitwe "kubuni data". Kubuni ni neno la sifa; twamsifu msanii na fundi kwa ubunifu. Mtu huzua uongo. Basi na aseme mfasiri "kuzua data". "Kughushi data" kubaki kwa yule aliyekuwa na data ya kweli akaibadilisha.

Nne, makala inapoondolewa nguvu na jarida lililoitoa, tuseme "imebatilishwa". "Kufuta" hakufai, kwa kuwa makala hubaki mahali pake na alama juu yake, ili atakayeikuta aonywe. "Kusahihisha" hakufai pia, maana humfanya daktari au mwalimu adhani kwamba makala imetengenezwa na sasa yaweza kutegemewa. Na kwa kuwa makala yaweza kubatilishwa kwa kosa lililokiriwa na mwandishi mwaminifu, mfasiri asiache kutaja sababu, asije akamvunjia heshima asiye na hatia.

Neno sanifu peke yake halitamponya mtafiti na shinikizo la kuchapisha. Lakini mwenyekiti wa kamati atakayesoma fomuni "wastani wa kurejelewa kwa jarida" atajua kwamba bado hajaambiwa chochote juu ya kazi iliyo mbele yake, na kwamba hana budi kuifungua na kuisoma. Tunawaomba wasomaji watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi, hasa wale ambao wamekwisha kuzitumia darasani na ofisini.