Roketi za Shaba na Wakimbizi wa Dzaleka

Kambi ya Dzaleka iko wilayani Dowa, kaskazini ya Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Katika utawala wa Rais Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa; tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya wakimbizi. Leo wanaishi humo zaidi ya watu 50,000, wengi wao Wakongo, na Kiswahili husikika kila pembe. Askari anayekagua vitambulisho vyao hana budi kuijua historia ya nchi walikotoka. Sehemu moja ya historia hiyo ni ya roketi.

Lutz Kayser, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Stuttgart mwaka 1939, alianzisha kampuni ya OTRAG katikati ya miaka ya sabini. Hiyo ilikuwa kampuni binafsi ya kwanza duniani kuunda roketi za kurushia satelaiti. Nia yake ilikuwa kushusha gharama. Badala ya injini moja kubwa ya bei ghali, alifunga pamoja mabomba mengi yanayofanana, yaliyotumia mafuta ya taa na tindikali. Vali zake ziliendeshwa kwa mota za wipa za magari. Ulikuwa ubunifu wa kweli, unaostahili heshima.

Lakini roketi huhitaji ardhi. Mwaka 1976 Rais Mobutu wa Zaire aliikodisha OTRAG eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 katika jimbo la Shaba, hadi mwaka 2000. Malawi nzima, kutoka Karonga hadi Nsanje, pamoja na ziwa lake, ni kilomita za mraba 118,000 hivi.

Roketi ya kwanza ilirushwa Mei 1977, na ya pili tarehe 20 Mei 1978. Hapo ndipo lilipo fundisho kwa majeshi. Wiki hiyohiyo waasi waliotokea Angola walikuwa wameuteka Kolwezi, mji wa madini wa jimbo hilohilo, na waliokwenda kuukomboa ni askari wa miavuli wa Ufaransa na Ubelgiji. Dola iliyojivunia kufika angani ilishindwa kulinda mji wake.

Tarehe 5 Juni 1978 Mobutu alikwenda kushuhudia roketi ya tatu, ikaanguka. Umoja wa Kisovieti ulidai kuwa hayo ni makombora ya vita, na Kayser akakana. Mwaka 1979 Mobutu aliifukuza kampuni hiyo, nayo ikahamia Libya. Haikupata kurusha satelaiti hata moja. Kayser alifariki mwaka 2017.

Roketi hizo sizo zilizoleta vita vilivyoanza Kongo mwaka 1996. Hata hivyo, utawala uliokodisha ardhi kwa wageni na kuazima majeshi ya wageni ndio ulioacha nyuma yake dola isiyoweza kuwalinda raia.

Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi walioishi mijini warudi Dzaleka, na vyombo vya dola vikatekeleza. Amri hutekelezwa kwa nidhamu, na katika nidhamu umo utu. Mkimbizi aliyekuwa na duka Lilongwe alikwisha kuhama mara moja, kwa sababu askari wa kwao hakuwapo kumlinda. Askari wa namna hiyo walipokosekana, Dzaleka ilijaa.