Bei ya Nyumba ya Gisenyi Inatoka Goma

Ukitafuta nyumba ya vyumba vitatu Gisenyi, usiulize bei tu, uliza pia Goma kuna nini. Miji hii inatenganishwa na baria, lakini bei ya nyumba inavuka bila jeto.

Tuanze na Julai 1994. Kwa siku chache tu, watu karibu milioni moja walipita Gisenyi wakaingia Goma. Mashirika yakafuata na dola zao, na kodi za nyumba Goma zikapanda. Wenye nyumba wakajifunza kwamba kuna mpangaji ambaye habishani bei.

Tarehe 17 Januari 2002 njia ikageuka. Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya Goma, na watu wengi sana wakakimbilia Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukarudia, na matetemeko yaliyofuata yakapasua kuta hata huku Rubavu. Ndiyo maana kabla ya kulipa lazima uangalie nyufa.

Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipochukua Goma, benki zilifunga na ndege hazikutua tena. Mwenye pesa alivuka akapanga nyumba Gisenyi. Asiye nazo alilala kituo cha muda. Mpaka ni uleule, lakini kila mmoja aliuvuka kivyake.

Sasa tuhesabu. Tuseme nyumba ni dola 300 kwa mwezi. Mwaka 2021 hizo zilikuwa karibu faranga 300,000. Mwaka 2025, dola ilipofika karibu faranga 1,400, zikawa 420,000. Mwenye nyumba hajaongeza hata chumba kimoja, na anaweza kuapa kwamba hajapandisha bei. Anayelipwa mshahara kwa faranga ndiye anayeumia.

Kwa hiyo omba mkataba ulioandikwa, na bei iwe ya faranga. Uliza kama maji, mlinzi na vyombo vya ndani vimo. Uliza miezi mingapi inalipwa mbele, garanti inarudi lini, na komisioneri analipwa na nani.

Na wewe ndugu wa shirika, usikubali bei ya kwanza kwa sababu ofisi ndiyo inalipa. Bei uliyokubali wewe leo, kesho ataambiwa mama mwenye watoto watano: "Ndiyo bei ya mtaa huu."